Mti wa jamii ya minazi kwenye baridi yenye mvua: namna ya kuuvusha msimu

Mnazi hauishi nje Uingereza wala Uholanzi, usijisumbue nao. Unaofaa huko ni Trachycarpus fortunei, wenye asili ya China. Ukishakomaa na kushika mizizi huvumilia hadi karibu nyuzi -15 za Selsiasi. Mche mdogo hauwezi. Ila kinachoua zaidi ni maji. Mti huu una moyo mmoja tu wa kuchipulia, katikati ya majani. Maji yakituama humo, yakawa yanaganda na kuyeyuka, moyo hupasuka na kuoza.

1. Kuchagua. Nunua mti ambao tayari una shina, walau sm 30. Penye upepo mkali chukua aina ya wagnerianus, yenye majani mafupi na magumu. Rhapidophyllum hystrix, mti mwingine wa jamii hii, husifiwa kwa kustahimili baridi, na ni kweli, lakini hutaka kiangazi cha joto kali. Uingereza hudumaa tu.

2. Kupanda. Mei au Juni, ili mizizi ipate kiangazi kizima. Ukipanda Oktoba, mti utaingia baridini ukiwa bado na mizizi ya kwenye chungu. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu na kina kilekile, kisha ulijaze maji. Kama kesho yake bado yamo, usimwage kokoto chini ukidhani umetibu: kwenye udongo wa mfinyanzi shimo la kokoto hugeuka bakuli la maji. Inua tuta la sm 30 na upande juu yake.

3. Mbolea. Aprili hadi Julai, yenye naitrojeni, potasiamu na magnesiamu. Basi.

4. Kufunika. Novemba tandaza magome ya miti, unene wa sm 10, yasiguse shina. Utabiri ukisema -8 au chini zaidi kwa siku kadhaa, kusanya majani juu, uyafunge kwa kamba laini, zungushia taa za mapambo za nje, kisha kitambaa cha bustani kinachopitisha hewa. Taa ziwe za balbu za zamani, kwani za LED karibu hazitoi joto. Zipitishe kwenye thermostati, swichi inayofuata halijoto, inayowasha nyuzi 2 na kuzima 7. Juu kabisa weka paa dogo la kuzuia mvua, pande zikiwa wazi. Nailoni usiizungushie mti, hukusanya unyevu ndani. Baridi kali ikipita, fungua; usiuache umefungwa hadi Machi.

5. Kukagua. Machi, chora kwa kalamu ya wino usiofutika mstari mmoja unaopita kwenye jani changa lililosimama wima na kwenye kikonyo cha jirani yake. Hali ya hewa ikipata joto, mistari ikiachana, mti unakua. Isipoachana, vuta lile jani taratibu. Likichomoka, ncha yake ikiwa laini, ya kahawia na yenye harufu ya uvundo, moyo umeoza. Ondoa uozo wote, mimina haidrojeni peroksaidi ya 3%, ngoja povu litulie, kausha, halafu weka dawa ya ukungu yenye shaba, mara moja tu, kwani ikizidi huunguza chipukizi. Funika tundu mvua isiingie.

Usiukate mti kabla ya Agosti ukidhani umekufa. Mingi huchipua upya, na jani la kwanza mara nyingi hutoka limekunjamana au nusu.