Taa ya Kuashiria Mlio wa Simu: Jinsi ya Kuiunganisha kwa Usalama na kwa Mujibu wa Sheria

Wenye mashine za kusaga mahindi hapa Kisumu huniomba niwatengenezee taa inayowaka simu ya mezani inapoita, kwa sababu kelele za mota huimeza kengele. Saketi yenyewe ni nyepesi. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba umeme wa volti 240 unaowasha taa haupati njia ya kuingia kwenye waya wa simu, ambako fundi wa kampuni ya simu huenda ameshika nyaya kwa mikono mitupu akidhani ni za volti 48.

Hatua ya kwanza ni kuchagua laini. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, vifaa vinavyounganishwa na mtandao wa umma huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa ulichokiunda mezani kwako hakina idhini hiyo. Kwa hiyo mimi hufanyia kazi upande wa ndani wa swichibodi ya simu ya mteja (mtambo mdogo unaogawa laini ndani ya jengo lake), kwa ruhusa yake ya maandishi, wala siugusi waya unaotoka nje. Akitaka niongeze kinasa sauti cha kurekodi wanaopiga bila wao kujua, hukataa papo hapo: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano.

Hatua ya pili ni kutenganisha pande mbili. Upande wa simu, weka kapasita ya mikrofaradi 0.47 na rezista ya kiloohm 10 mbele ya optokapla (kijenzi chenye taa ndogo na kihisi cha mwanga ndani yake), pamoja na diodi iliyogeuzwa ili kuilinda. Kapasita iwe ya volti 250, wala usishawishike na ile ya volti 50 iliyobaki kwenye kopo lako, kwa maana umeme wa mlio wa simu hufikia volti 90 za mkondo geu (kileleni kama 127) juu ya zile 48, na jumla hukaribia 175. Optokapla huvusha ishara kwa mwanga tu. Upande wa pili ndiko inakokaa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayowasha taa. Acha angalau milimita 8 za ubao mtupu kati ya pande hizo.

Kabla ya kuunganisha, pima ukinzani kwenye ncha mbili za kifaa zitakazoungwa na laini, ukisubiri kapasita ijae. Kanuni za Marekani zinataka zaidi ya megaohm 5 mkono wa simu ukiwa umewekwa chini, nami hukifuata kipimo hicho, kwa kuwa kifaa kinachovujisha mkondo huifanya swichibodi idhani simu imeinuliwa. Kisha tumia mega (kipimo cha kukagua kama kihami kinavujisha umeme) ya volti 500 kati ya upande wa simu na upande wa umeme, plagi ikiwa imechomolewa.

Mwisho, radi. Funga varista, kijenzi kinachomeza volti zinazoruka ghafla, kwenye laini, lakini usiitegemee peke yake: wingu likitanda upande wa ziwa, chomoa taa na waya wa simu kabla ya ngurumo ya kwanza, na ngurumo zikishaanza usiviguse.