Discovery 3 inalala usiku? Tafuta upepo unakovujia kabla ya kununua kompresa

Mama mmoja aliniletea Land Rover Discovery 3 ya 2006, ile inayosimama kwa upepo badala ya springi za chuma, ikiwa imelala tumbo chini, tairi zimezama ndani ya madigadi. Kwa muda usiotimia mwaka alikuwa amenunua kompresa mbili, yaani pampu za kujaza upepo huo. Ya kwanza ilidumu miezi sita, ya pili ilianza kuchoka kabla ya minne. "Fundi," akaniambia, "ukiniambia ninunue ya tatu, bora niliuze hili gari kama chuma chakavu." Nikamwambia hatununui kitu mpaka tujue upepo unavujia wapi.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno na linaniuma, kwa sababu watu wanapoteza hela nyingi kwa kitu ambacho kingegundulika kwa sabuni ya unga na usiku mmoja wa subira. Kwa hiyo naandika ninavyofanya mwenyewe. Inahusu Discovery 3 (2004 hadi 2009), na pia Range Rover Sport ya 2005 hadi 2013 na Discovery 4, maana mpangilio wa saspensheni ni ule ule. Angalia tu kwanza kama lako lina saspensheni ya upepo kweli, kwani Discovery 3 nyingine zilitoka na springi za chuma.

Uelewe mfumo kabla ya kushika spana. Kuna kompresa moja chini upande wa kushoto, mbele ya tairi ya nyuma, ndani ya kifuniko. Inajaza tanki, na upepo unagawiwa na bloku za valvu (vilango vya kufungua na kufunga upepo) kwenda kwenye shokapu nne, ambazo springi ya upepo na shokapu yenyewe zimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Sensa nne zinaiambia kompyuta kila pembe ina kimo gani. Pakiwa na tundu dogo mahali, kompresa inafidia kila asubuhi na kila safari. Inapata joto, sili ya pistoni (pete inayozuia upepo usipenye) inaisha, siku moja inashindwa kunyanyua. Ukifunga mpya bila kuziba tundu, nayo inaingia kwenye kazi ile ile.

Hatua ya 1: Stendi, kabla ya yote

Usiingize hata mkono kati ya tairi na madigadi kama gari limesimama kwa upepo peke yake. Linaweza kushuka bila kukuonya, na ni zaidi ya tani mbili. Weka stendi imara chini ya chesisi. Ukiacha mlango wazi kompyuta haibadilishi kimo, na mimi huuacha wazi, lakini hiyo ni nyongeza juu ya stendi, si badala yake.

Hatua ya 2: Umeme

Magari haya betri ikichoka yanalalamika kila kitu kwa pamoja. Pima betri gari likiwa limepumzika: nataka kuona volti 12.5 au zaidi. Washa injini, nataka 14 na ushee. Chini ya hapo shughulikia betri au altaneta kwanza, halafu ndiyo uamini taa za dashibodi.

Kingine ni swichi ya taa za breki, ile ndogo juu ya pedali. Ikichakaa inaleta tahadhari za saspensheni na za mfumo wa kuteremkia mlima kwa mkupuo, na mtu anadhani gari zima limekufa. Ni spea ya bei ndogo. Kama tahadhari zinakuja na kuondoka lakini gari halilali usiku, anzia hapo.

Kusoma kodi za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, tumia mashine inayolijua gari hili. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinasoma injini tu, saspensheni havioni.

Hatua ya 3: Usiku mmoja bila fyuzi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukizima gari na kulifunga, kompyuta ya saspensheni hailali moja kwa moja. Inaamka baada ya kama saa mbili, kisha kila baada ya saa sita hivi, inapima pembe zote nne. Ikikuta moja imeshuka, inatoa upepo kwenye zile tatu nzima ili gari likae sawa. Asubuhi unakuta gari limelala lote, sawasawa, na unahitimisha kwamba kompresa ndiyo mbovu. Kumbe ni tundu moja, pembe moja.

Kwa hiyo mzuie huyo msawazishaji. Egesha mahali tambarare, kimo cha kawaida, zima. Ng'oa fyuzi ya kompyuta ya saspensheni (mchoro uko kwenye boksi la fyuzi na kwenye kitabu cha gari), au ukishindwa kuitambua, toa waya wa hasi wa betri. Kisha chukua tepu upime kila pembe, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, wima. Andika namba nne kwenye karatasi, usizitunze kichwani.

Pima tena baada ya saa kumi na mbili. Zote zikishuka milimita chache kwa usawa, ni ubaridi wa usiku tu, upepo umesinyaa. Pembe moja ikishuka sentimita tatu au nne, umeipata. Mbili za mbele zikishuka pamoja, au mbili za nyuma, mimi nashuku bloku ya valvu ya ekseli hiyo. Na kama hakuna iliyoshuka lakini ukirudisha fyuzi linalala, basi upepo hauvuji: sensa mojawapo inadanganya, au kiungo chake kimeshikwa na kutu. Magari yaliyotembea Uingereza kwenye barabara za kumwagiwa chumvi majira ya baridi yana sana tatizo hilo.

Gari la yule mama: mbele kulia, sentimita nne na nusu. Nyingine tatu hazikutikisika.

Hatua ya 4: Povu

Osha tope kwanza, povu halionekani juu ya uchafu. Nyanyua gari hadi kimo cha juu, zima, weka stendi, pulizia maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira, kwenye bomba linapoingilia juu ya shokapu, na kwenye maungio ya bloku na tanki. Kisha subiri na tochi.

Kwa kimo cha kawaida hatukuona kitu. Tulipolinyanyua juu mkunjo ukafunguka, na kwenye mstari wa ufa vikatoka viputo vidogo kama punje za ulezi, kimoja kimoja. Dakika moja baadaye kulikuwa na doa jeupe la povu lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilimwita yule mama aje alione mwenyewe. Aliinama akakaa kimya muda mrefu.

Hatua ya 5: Kubadilisha

Toa upepo wote kwa ile mashine ya kusomea kodi kabla ya kufungua bomba lolote. Ncha ya bomba ikate iwe imenyooka, isiwe mshazari, kwa wembe mkali, la sivyo itavuja pale pale. Boliti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya mguu) zikaze mwisho gari likiwa kwenye kimo cha kawaida. Ukizikaza mguu ukining'inia, mpira unabaki umejipinda na unakatika mapema. Shokapu za kuchomoa kwenye magari yaliyovunjwa sizifungi, kwani mpira wake una umri ule ule.

Sasa ndiyo uiangalie kompresa. Fungua kikaushio chake. Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu, na vile vipunje vya kukaushia vikishalowa vinavunjika kuwa vumbi jeupe linaloingia kwenye valvu. Badilisha vipunje, na ubadilishe rilei pia, ile swichi ya umeme inayoiwasha kompresa. Rilei ikiungua ndani inaganda ikiwa imewaka, kompresa inazunguka bila kukatika hadi iungue. Ukigusa sensa, sawazisha vimo upya kwa mashine na tepu.

Kompresa ya pili ya mama ilikuwa imechoka ila haijafa. Tuliiwekea sili mpya ya pistoni na vipunje vipya, tukafunga shokapu mpya mbele kulia, tukang'oa fyuzi tena na kuliacha gari usiku kucha. Asubuhi tepu ilionyesha tofauti ya milimita tatu, pembe zote nne. Mchana huo akaondoka nalo kwenda Dodoma.