Somo: Safari ya tonge kooni, na kwa nini hatupaliwi kila tunapokula

Nawaomba wanachama mchukue kioo, tochi ya simu na maji kidogo, kwa sababu misuli ya koo hueleweka upesi zaidi inapoguswa kuliko inaposimuliwa. Mimi ni muuguzi hapa Mikindani, nami huwafundisha kinamama wa kliniki kwa njia hii hii.

Hatua ya kwanza. Fungua kinywa mbele ya kioo, mulika ndani, kisha tamka "aaa" kwa kuvuta. Kinyama kinachoning'inia katikati ni kimeo, nacho hupanda pamoja na kaakaa laini. Unapomeza, kupanda huko ndiko kunakoziba njia ya pua ili uji usitokee puani. Ukuta mwekundu ulio nyuma yake ni wa koromeo, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 12 hadi 14 kwa mtu mzima, linaloanzia chini ya fuvu na kuishia pale unapoanza umio, yaani bomba linalopeleka chakula tumboni.

Hatua ya pili. Weka vidole viwili juu ya kongomeo, kile kifundo cha mbele ya shingo, kisha umeze maji. Utalihisi likiruka juu na kurudi. Wakati huo zoloto, yaani kisanduku cha sauti, huvutwa juu na mbele hadi chini ya shina la ulimi, kifuniko chake chenye umbo la jani huinama, nyuzi za sauti hufumba na pumzi husimama, yote hayo kwa muda wa kama sekunde 1. Koromeo ni njia panda ya hewa na chakula, na anayezungumza huku anameza huiacha njia ya hewa wazi, ndipo akapaliwa.

Hatua ya tatu. Hii haionekani kwa kioo. Misuli mitatu ya kubana imepachikana kama vikombe vya muuza kahawa, wa juu ndani ya wa kati na wa kati ndani ya wa chini, ila vikombe hivi viko wazi upande wa mbele. Hubana kwa zamu kuanzia juu, huku misuli mingine mitatu myembamba ikiliinua koromeo lipokee tonge. Nyuzi za chini kabisa za msuli wa chini hufanya kinyume, kwani hubana mlango wa umio muda wote na kulegea tonge linapofika. Karibu misuli yote hii huendeshwa na neva (mshipa wa fahamu) ya kumi ya ubongo, na ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi, ambaye ubongo wake umeathirika, aweza kupaliwa hata na maji, ambayo hukimbia kabla misuli haijajipanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kilwa Masoko: Shikamoo dada. Mwiba wa changu ukinasa, ni kweli tonge kubwa la ugali huusukuma?

Marahaba, mdogo wangu. Usifanye hivyo. Mara nyingi mwiba hunasa kwenye tezi za koo au shina la ulimi, mahali ambapo mhudumu anaweza kuuona na kuutoa kwa koleo. Ukiusukuma kwa ugali waweza kuzama zaidi au kuchana umio. Acha kula, nenda kituo cha afya. Ukiumwa kifua, ukipata homa au ukishindwa kumeza mate, usingoje asubuhi.

Kutoka Newala: Mwanangu wa miaka 3 anakula korosho nzima. Kuna ubaya?

Upo. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe korosho nzima, kwa kuwa hajaweza kuisaga vizuri na njia yake ya hewa ni nyembamba. Mtwangie laini, umchanganyie kwenye uji.

Kutoka Lindi mjini: Mjukuu wangu anakohoa mwezi sasa, na wenzangu wananishauri akakatwe kimeo.

Bibi, shikamoo. Nakuomba sana usimpeleke. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekatwa kimeo nyumbani kwao, kanga ya mama yake imelowa damu, na kikohozi kilikuwa bado kipo. Kisu hicho huweza kuleta pepopunda na maambukizi mengine. Kikohozi cha mwezi mzima huenda kinatokana na pumu, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa mapafu, na kimeo hakihusiki. Mpeleke apimwe kesho, uende na kadi yake ya kliniki.