Kufunga lenzi ya zamani ya M42 kwenye kamera isiyo na kioo

Lenzi ya M42 haina mota, haina waya, haina namna yoyote ya kuzungumza na kamera. Ni vioo ndani ya bomba la chuma, na nyuma yake kuna thredi yenye kipenyo cha milimita 42. Ndiyo maana Helios 44-2 ya Umoja wa Kisovieti au Super-Takumar ya Japani inafanya kazi leo kwenye Sony, Fujifilm, Canon au Nikon iliyotoka dukani jana. Kinachohitajika katikati ni adapta, na kazi yake ni moja tu: kuishikilia lenzi mbali na sensa kwa umbali uleule iliotengenezewa. Mengi yanayolaumiwa kwa lenzi kuukuu ni makosa ya adapta.

Hesabu kwanza

Kila mfumo una umbali wake kati ya mdomo wa kamera, pale lenzi inapojifunga, na sensa. Wa M42 ni mm 45.46. Sony E ni 18, Fujifilm X ni 17.7, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Micro Four Thirds ni 19.25. Toa umbali wa kamera kutoka kwa ule wa lenzi na utapata unene wa adapta: Sony E inataka 27.46, Fujifilm 27.76, Nikon Z 29.46.

Kwa DSLR, yaani kamera zenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa, mambo ni magumu zaidi. Canon EF ina mm 44, hivyo adapta inabakiwa na mm 1.46, wembamba kama sarafu, lakini inafanya kazi. Tatizo ni kioo cha ndani: kwenye Canon za fulu fremu, yaani zenye sensa ya ukubwa wa filamu, lenzi nyingine hutokeza nyuma kiasi cha kugongwa na kioo fokasi inapokwenda mbali. Nikon F ina mm 46.5, yaani kamera yenyewe tayari imezidi kwa mm 1.04. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 50 hapo haioni vizuri zaidi ya mita 2.4 hivi, hata kama adapta isingekuwa na unene wowote. Adapta zenye kipande kidogo cha lenzi ndani zinarudisha umbali, ila kipande hicho huwa cha bei rahisi na picha hulegea, yaani hupoteza ukali. Mwenye DSLR ya Nikon aachane na M42. Lenzi za zamani za Nikon zenyewe zimejaa sokoni.

Mitego miwili ya thredi

M42 ina hatua ya mm 1 kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Vifaa vya T2, ambavyo huonekana sana kwenye darubini za nyota, vina kipenyo kilekile cha mm 42 lakini hatua ni 0.75. Vinaingia mzunguko mmoja hivi kisha vinakaza. Ukilazimisha, unakula thredi za pande zote mbili. Lenzi ikigoma mapema, irudishe nyuma uangalie.

Mtego wa pili ni M39. Kuna M39 ya Leica yenye umbali wa mm 28.8, na M39 ya Zenit za mwanzo yenye mm 45.2. Thredi zinafanana, umbali haufanani hata kidogo. Lenzi ya Zenit ukiifunga kwenye adapta ya Leica itakaa karibu mno na sensa na haitanoa chochote. Hiyo inataka pete ya kugeuza 39 kuwa 42, kisha adapta ya M42.

Pini ya apecha

Geuza lenzi utazame nyuma. Helios 44-2 haina pini. Nyingine nyingi, ikiwemo Super-Takumar, zina kijipini kinachochomoza. Kwenye kamera yake ya asili, kamera ndiyo iliyobonyeza pini hiyo ili apecha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ijifunge wakati wa kupiga. Kamera yako haifanyi hivyo. Isipobonyezwa, utazungusha pete hadi f/16, tundu dogo, na apecha itabaki wazi vilevile.

Kama lenzi ina swichi ya A/M (otomatiki au mkono), iweke M na yamekwisha. Kama haina, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaobonyeza pini. Ukingo huo nao una vituko vyake: kwenye baadhi ya lenzi unabonyeza kupita kiasi na pete ya fokasi au ya apecha inakuwa nzito. Ukiona hivyo usikaze zaidi. Lenzi hiyo inataka adapta isiyo na ukingo, pini ishikwe kwa njia nyingine.

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha, na wengi huchanganyikiwa hapo. Moja inalia tik tik na inaweka mpaka. Nyingine inateleza bila mlio na ndiyo inayofungua na kufunga. Weka ya tik tik kwenye 16 uisahau, kisha tumia ile inayoteleza.

Kuipima adapta kabla ya kuiamini

Pima unene kwa vernia kalipa sehemu tatu za mzunguko. Zikitofautiana, adapta imepinda, na upande mmoja wa picha utalegea hata ufanyeje. Hiyo irudishe.

Kisha jaribu kwa macho. Funga lenzi, fungua apecha hadi mwisho, elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali au mwezi, kuza picha kwenye skrini, na zungusha fokasi taratibu kuelekea alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa. Picha ikinoa kidogo kabla ya pete kugota, adapta ni nyembamba kidogo, na watengenezaji wengi hufanya hivyo kusudi. Si kasoro kubwa. Jua tu kwamba namba za umbali kwenye lenzi zitadanganya, na usigotishe pete ukidhani umefika mbali kabisa.

Pete ikigota kabla picha haijanoa, adapta ni nene. Hapa ndipo lenzi pana, zenye urefu mfupi wa fokasi, huumia. Chukua kosa la mm 0.1, unene wa karatasi moja ya A4. Lenzi ya mm 135 bado itafika mita 180 na ushei, hutaona tofauti kubwa. Lenzi ya mm 28 itaishia mita 7.8. Picha za mandhari zote zitatoka na ukungu, na lenzi itaitwa mbovu bure. Kwa hiyo pima kwa lenzi pana kuliko zote ulizo nazo.

Adapta nyembamba inatibika. Nyingi zina skrubu zinazounganisha pete ya nyuma na mwili wake: zifungue, kata pete ya karatasi ya alumini ya jikoni, weka katikati, funga tena kwa kukaza skrubu kwa kupokezana. Karatasi hiyo ina takriban mm 0.016, hivyo ongeza moja moja ukipima. Adapta nene ingehitaji kusuguliwa kwa usawa kamili, kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza. Kununua nyingine ni nafuu.

Chungulia pia ndani ya bomba. Rangi nyeusi inayong'aa hurudisha mwanga kwenye sensa na picha inapauka katikati. Ipake nyeusi isiyong'aa, iache ikauke kabisa. Ikichubuka, vumbi lake litaishia kwenye sensa.

Menyu za kamera

Kamera haitambui lenzi na huenda ikakataa kupiga. Sony tafuta "Release w/o Lens" uweke Enable. Canon ni "Release shutter w/o lens". Fujifilm ni "Shoot without lens". Kisha weka kamera kwenye hali ya A, au Av kwa Canon: wewe unachagua apecha kwa mkono, kamera inachagua spidi ya shata. Namba ya apecha haitahifadhiwa kwenye faili, kwa hiyo iandike kama unaihitaji baadaye.

Kamera yenye kituliza mtikisiko ndani ya mwili inataka kuambiwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya mm. Helios andika 58, au namba iliyo karibu nayo zaidi. Usizidishe kwa 1.5 eti kwa sababu sensa ni APS-C, ndogo kuliko fulu fremu. Kamera inajua sensa yake. Ukisahau namba ya lenzi ya jana, 200 kwa mfano, kituliza kitafidia kupita kiasi na picha zitatikisika zaidi kuliko kikiwa kimezimwa.

Na usishangae Helios ikikosa ule mzunguko wa mandharinyuma unaosifiwa. Mzunguko huo uko kwenye pembe, na APS-C inazikata pembe.

Kufokasi

Rangi za kuonyesha kingo, nyekundu au njano kwenye skrini, ni msaada wa kwanza tu. Kamera inapaka rangi popote penye tofauti kali ya mwanga na kivuli. Nyusi, ukosi wa shati na jicho vinaweza kung'aa vyote kwa pamoja. Helios kwenye f/2, mtu akiwa mita 1, kwenye fulu fremu, eneo linalonoa lina sentimita 3 na ushei. Weka kiwango cha rangi chini kabisa, fika karibu kwa kutumia rangi, kisha kuza picha juu ya jicho la karibu. Pitisha fokasi kidogo hadi kope zilegee, rudi hadi zinoe, piga papo hapo. Kuyumba kwako tu kunatosha kuila ile sentimita, kwa hiyo piga tatu au nne mfululizo.

Kwa f/8 na kuendelea, fokasi apecha ikiwa wazi, halafu funga. Kati ya f/2 na f/4, fokasi kwenye namba utakayopigia, maana baadhi ya lenzi za zamani husogeza fokasi kidogo apecha inapofungwa.

Kuichunguza lenzi sokoni

Fungua apecha, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kwa mbele kwa pembe. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja haitabaki ndogo. Vumbi kidogo halina neno. Mafuta kwenye vipande vya apecha hayaharibu picha ya Helios, kwa sababu unaifunga mwenyewe. Kwenye lenzi ya pini hukwamisha.

Baadhi ya Super-Takumar za 50mm f/1.4 zina kioo chenye thoriamu na zimegeuka njano. Taa ya mionzi ya UV kwa siku kadhaa huirudisha. Usikisugue wala kukifungua kioo hicho.

Lenzi ikikwama kwenye adapta, vua kwanza vyote kwenye kamera, vaa glavu za mpira, shika kwa kiganja kizima bila kuminya, zungusha. Ukiminya, pete inakuwa yai na thredi zinabana zaidi.