Kukata Tiketi ya Nje ya Nchi Wakati wa Maradhi ya Mripuko

Kabla ya kulipa chochote, soma masharti ya tiketi mpaka mwisho, hasa yale yanayoeleza iwapo shirika la ndege likifuta safari utarejeshewa fedha au utapewa vocha tu (hati ya kulipia safari nyingine), na utatozwa kiasi gani ukiahirisha mwenyewe. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi ndiyo isiyorejeshwa. Kwa maoni yangu, katika nyakati hizi ni bora kuongeza fedha kidogo ukapata ile inayobadilishwa tarehe.

Msafiri wa Pemba ana jambo la ziada, kwa sababu boti au ndege ya kumfikisha Unguja kwa kawaida huilipia mbali na tiketi ya kimataifa, na akichelewa kufika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, shirika la kimataifa halibebi dhamana. Basi na avuke angalau siku moja kabla. Kwa sababu hiyo hiyo, safari ya kuunganisha ndege ikatwe kwa tiketi moja.

Angalia pia masharti ya nchi unayopitia. Wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi zilidai cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha kugundua virusi, kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya safari.

Wanaokusudia umra na hijja wawe waangalifu zaidi. Mwishoni mwa Februari 2020 Saudi Arabia ilisimamisha ghafla kuingia kwa mahujaji wa umra kutoka nje, na hijja ya mwaka huo ikawa ya waliomo nchini humo tu. Kwa hiyo, anayelipa kupitia kikundi adai stakabadhi na mkataba wa maandishi unaotaja muda wa kurejeshewa fedha zake safari ikizuilika.