Trauti wa vijito vya milimani mwanzo wa majira ya joto: anza na maji, nzi baadaye

Asubuhi moja nilivuka kijito saa mbili, maji yakinifika chini kidogo ya goti. Nikakipanda polepole huku nikivua hadi mchana, nikajilaza majanini nusu saa, kisha nikaanza kurudi. Nilipofika pale pale nilipovukia, saa kumi na moja jioni, mawe niliyoyakanyaga asubuhi hayakuonekana. Maji yalikuwa ya kiunoni, yananguruma, na gari langu liko ng'ambo. Mvua haikuwa imedondoka hata tone. Nililala ukingoni, kama huko ni kulala, na alfajiri maji yakawa yamerudi chini ya goti kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo sifungui kisanduku cha nzi bandia wa kuvulia kabla sijayatazama maji.

Mwongozo huu ni wa kuvua trauti, samaki wa maji baridi, katika yale majuma ambayo theluji ya vileleni inamalizika kuyeyuka: mara nyingi Juni na mwanzo wa Julai kaskazini mwa ikweta, Desemba na mwanzo wa Januari kusini. Nachukulia kwamba unajua kurusha mshipi kwa nzi bandia, hata kama bado unajinasa kofia.

Hatua ya 1: Ijue saa ya maji

Jua likiichoma theluji saa sita mchana, maji yake hayakufikii saa sita. Yana safari ya kushuka. Ukiwa karibu na theluji, kijito huanza kupanda alasiri; ukiwa mbali bondeni, huenda kikafikia kilele usiku wa manane. Asubuhi ndiyo kawaida ya maji madogo. Kwa hiyo usivuke asubuhi mahali ambapo usingeweza kuvuka maji yakiongezeka maradufu, au panga kurudi kwa ukingo ule ule uliokwendea.

Ukifika, chomeka kijiti pale maji yanapogusa udongo. Fanya hivyo tena kila unapotulia mahali. Baada ya nusu saa kitazame: kimebaki pakavu, au kimemezwa? Mimi sijali sana kama maji ni mengi au machache, najali yanakoelekea. Yanayoshuka, hata yakiwa mengi, yana samaki wanaokula. Yanayopanda huja na majani, vijiti na matope, na trauti hujibanza wakasubiri.

Kisha tazama rangi. Ingia hadi magotini uangalie chini. Ukiziona ncha za mabuti yako, vua. Kijani hafifu hakina neno. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kukufukuza: nenda kwenye kijito tawi ambacho theluji yake imekwisha mapema, kwa kawaida kile kinachotoka upande wa mlima unaopigwa na jua zaidi.

Mwisho pima joto. Kipimajoto kidogo kilichofungwa kamba ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote mfukoni mwangu, na ndicho kinachonipa samaki wengi zaidi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, trauti yuko hai lakini mvivu. Hatajisumbua kwenda nusu mita kwa ajili ya mdudu. Kati ya 10 na 16 anakula kwa bidii. Yakifika 19, mimi nakunja mshipi. Maji ya nyuzi 10 usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 takriban 9, na milimani hupungua zaidi kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Wakati huo huo mwili wa samaki katika joto unadai oksijeni nyingi zaidi. Samaki aliyepigana na mshipi katika hali hiyo anaweza kuondoka mkononi mwako akiogelea vizuri, akafa baadaye.

Ukiweka haya pamoja utaona mvutano wa majira haya. Asubuhi maji ni machache na safi, lakini ni baridi mno. Alasiri yamepata joto, ila yanaanza kupanda. Katikati yake kuna wasaa mzuri, kwangu mara nyingi saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ndiyo, saa ambazo wavuvi wa mabondeni wanakula na kusinzia. Hakuna haja ya kuamka na majogoo. Theluji ikiisha kabisa mambo hugeuka: katikati ya mchana panakuwa na joto, na alfajiri na magharibi ndizo zinarudi kuwa saa za kazi.

Hatua ya 2: Pindua mawe

Chagua jiwe la ukubwa wa sahani kwenye maji mepesi yenye mawimbi madogo. Linyanyue taratibu, ligeuze, subiri. Mwanzoni utaona utelezi tu. Kisha utelezi unaanza kutembea.

Yule bapa anayeteleza upande upande kama anayetafuta kivuli, mwenye mikia mitatu na vijimatamvua vinavyotetemeka ubavuni mwa tumbo, ni tunutu wa mdudu yule ambaye akishaota mabawa huishi siku moja au chache tu. Mwenye mikia miwili na mwendo wa kutambaa kama mzee mwenye mzigo ni tunutu wa nzi wa mawe. Na vile vibomba vya mchanga vilivyogandamana na jiwe ni nyumba za mdudu aitwaye kadisi. Kila kimoja kina buu ndani. Angalia ukubwa na rangi kwa makini kuliko jina. Kama wengi ni wa kahawia iliyokolea na urefu wa kucha ya kidole kidogo, umeshajua unachofunga. Rudisha jiwe kama lilivyokuwa.

Sasa tazama mawe makavu ya ukingoni. Ukikuta magamba matupu yaliyopasuka mgongoni, yameshikilia mwamba kama wenyewe wametoka kidogo watarudi, nzi wa mawe wanatoka. Hawa hawaibukii katikati ya mto. Wanatembea chini hadi ukingoni, wanapanda jiwe, wanajivua gamba. Trauti analijua hilo, naye huwafuata huko huko kando.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Ufito wa futi 7 na nusu hadi 8 na nusu, wa mshipi wa uzito namba 3 au 4, unatosha. Wajapani wa milimani wana mtindo wao, tenkara: ufito mrefu usio na kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi umefungwa kwenye ncha basi. Kwenye vijito vyembamba hauna mpinzani, ingawa mimi mwenyewe bado nakitaka kigurudumu changu.

Uzi wa mwisho, ule mwembamba unaofungwa nzi, uwe 4X au 5X. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo uzi ulivyo mwembamba: 4X ni takriban milimita 0.18, 5X ni 0.15. Maji yakiwa bado na ukungu, 4X haimtishi samaki, na itakuokolea nzi wengi walionasa matawini. Ndoana nazo huhesabiwa kinyume, namba 16 ni ndogo kuliko 12.

Kisanduku changu cha majira haya kina nzi wa aina nne: wa kuelea mwenye manyoya mengi, namba 12 au 14, anayeonekana hata kwenye povu, wa kuelea mdogo wa kahawia, namba 16, tunutu bandia mwenye shanga ya chuma kichwani, namba 14 na 16, na mmoja mkubwa mweusi wa kuigiza nzi wa mawe. Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza.

Mfungo ninaoanza nao karibu kila siku ni wa nzi wawili. Funga yule mkubwa wa kuelea, kisha kwenye mpindo wa ndoana yake funga uzi wa sentimita 45 hadi 60, na mwishoni mwake tunutu mwenye shanga. Wa juu anakuwa chambo na chelezo kwa pamoja. Akisita, akizama au akienda pembeni bila sababu, inua ufito.

Hatua ya 4: Wapi pa kutupia

Hapa ndipo wengi tunapoharibu siku. Unashuka ukingoni, unaona kidimbwi kizuri katikati ya mto, unaingia hatua mbili ili umfikie huyo samaki wa katikati. Kivuli kirefu kinachomoka miguuni pako na kupotelea kwenye povu. Huyo ndiye aliyekuwa samaki wako. Nimewakanyaga hivyo wengi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwanzo wa majira ya joto katikati ya mto pana kasi mno. Trauti hawezi kutumia nguvu nyingi kuliko chakula anachopata, hivyo anakaa mahali maji mapole yanapopakana na maji ya kasi: yeye amesimama kwenye mapole, chakula kinapita mlangoni. Mpaka huo unauona kwa macho, mara nyingi kwa mstari wa mapovu. Wakati huu wa maji mengi, mpaka uko mita moja tu kutoka kwenye nyasi. Kwa hiyo vua ukingo kwanza, ukiwa bado nchi kavu.

Baada ya ukingo, tafuta majabali. Kila mtu hutupa nyuma ya jabali. Tupa na mbele yake pia, kwa sababu maji yakigonga mwamba hurudi nyuma kidogo na kufanya mto laini wa kulalia, na mara nyingi samaki mkubwa ndiye aliyeushika. Halafu kizingo cha ndani, pale maji yanapozunguka polepole. Kina cha goti hadi paja kinatosha.

Tahadhari moja: trauti wa aina ya upinde wa mvua hutaga majira ya kuchipua, na kwenye vijito vya juu vyenye baridi mayai yanaweza kuwa bado yamo kwenye kokoto. Ukiona kibaka cha kokoto safi, kilichong'aa kuliko jirani zake, zunguka. Usikikanyage wala usimvue samaki aliye juu yake.

Hatua ya 5: Kumkaribia na kurusha

Trauti huelekeza kichwa yatokako maji, basi mfuate kutoka nyuma, ukipanda na mto. Inama. Mwanga unapoingia majini hupinda, na aliyesimama wima huonekana mapema kuliko aliyepiga goti.

Usirushe mbali. Mita tano hadi saba ndio umbali wa kijito cha mlimani. Kadiri mshipi mwingi unavyolala majini ndivyo kila mkondo unavyoudaka na kumkokota nzi, na mdudu wa kweli hajikokoti. Inua ufito juu ili uzi wa mwisho pekee uguse maji, kisha umfuate nzi kwa ncha ya ufito akishuka. Ukiona anaacha mkia wa vijiwimbi nyuma yake kama mashua, huyo anakokotwa, mnyanyue urudie.

Mara nne au tano mahali pamoja, kisha songa. Chakula hupita upesi, samaki huamua upesi.

Hatua ya 6: Samaki na kuondoka

Mlete haraka. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, usimtoe majini kama si lazima, mshike akielekea yatokako maji hadi aondoke mwenyewe. Kama sheria za hapo zinaruhusu kumchukua na unakusudia kumla, muue mara moja.

Mawingu ya alasiri milimani hujenga upesi majira haya. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza ufito chini, maana kaboni hupitisha umeme, na utoke majini. Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo unarudi, na ukirudi tazama kijiti kwanza. Kama itabidi uvuke, fungua mkanda wa mkoba wako, shika gongo, elekea yatokako maji, sogea upande upande. Yakikuchukua, lala chali miguu mbele.

Jioni safisha mabuti na uyakaushe kabisa kabla ya kwenda kijito kingine, kwa sababu unyevu uliobaki kwenye nyuzi za kamba unatosha kuhamisha mwani na vimelea vya samaki. Yangu nayatundika juani siku mbili, kamba zikiwa zimefunguliwa.