Mnada wa kimya: ya kupanga kabla wageni hawajafika

Tumezoea mnada wa kelele. Jumapili ya mavuno kuku mmoja ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha madhabahuni, anauzwa tena, na mwendesha mnada anawachokoza wanakwaya mpaka mifuko inalegea. Mnada wa kimya hauna mtu huyo. Vitu hupangwa mezani, mbele ya kila kimoja kuna karatasi, na mgeni anayekitaka anaandika dau lake chini ya dau la aliyemtangulia. Karatasi ndiyo dalali, na lolote ambalo dalali angelisema, lisipoandikwa, halitasemwa.

Kamati ianze kwa kutaja pesa zinakwenda kununua nini hasa. "Viti kumi vya magurudumu" vinaeleweka. "Kusaidia wasiojiweza" hakumfungui mtu pochi. Nchini Kenya kuchangisha pesa kwa umma kunasimamiwa na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, kwa hiyo suala la kibali liulizwe kabla kadi hazijachapishwa. Mkitaka kuongeza bahati nasibu, hiyo ina leseni yake. Mimi ningeiacha.

Kamati nyingi hukusanya vitu vingi mno. Wageni 100 wengi wao huja mume na mke, kwa hiyo wanunuzi ni kama 50, na vitu 25 vinawatosha. Vikizidi hapo, kila mtu anajichukulia chake bila mpinzani na bei haipandi. Chagueni vitu vya kugombaniwa: malazi ya siku mbili Watamu, sanduku la kuchongwa kutoka Lamu, jezi yenye saini ya mchezaji, hata ahadi ya mpishi hodari kuja nyumbani kwako kupika pilau ya watu 20. Keki na mbuzi havifai karatasi. Viwekeni mwisho wa sherehe, vipigiwe kelele kama kawaida. Kila mtoaji aandike barua na kuitia muhuri. Vocha ya hoteli isiyotaja tarehe ya mwisho, au isiyosema kwamba Krismasi, Pasaka na Agosti haitumiki, italeta ugomvi, na mwenye vocha atakuja kugombana nanyi, si na hoteli.

Bei ya kuanzia iwe kati ya asilimia 30 na 50 ya thamani ya kitu. Malazi ya shilingi 40,000 yaanzie 16,000, na kila dau lipande kwa 2,000 au zaidi. Kiwango hicho kisipowekwa, atatokea mcheshi wa kuongeza shilingi hamsini hamsini hadi muda uishe.

Sasa karatasi yenyewe. Juu kuna nambari ya kitu, maelezo mafupi, aliyekitoa, thamani, bei ya kuanzia, kiwango cha kupanda na masharti. Chini ni mistari yenye nafasi mbili tu: nambari ya mgeni na dau lake. Majina yasiwepo kabisa. Karani akiona jina la meneja wake pale juu, kalamu anairudisha mezani taratibu. Nani anataka kumpiku bosi, sembuse baba mkwe? Akiona 47 tu, anaandika. Nambari zitolewe mlangoni, na jina na simu ya kila mgeni vibaki katika daftari la kamati. Kalamu zifungwe kwa uzi. Usipozifunga, kufikia saa tatu zote zitakuwa mifukoni mwa watu.

Muda ndio unaoharibu minada mingi. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, ukumbi unajaa saa mbili. Hesabuni saa moja na nusu kuanzia hapo, na mfunge kabla mgeni wa heshima hajapewa kipaza sauti, maana akishakishika, ratiba ni yake. Meza zisifungwe zote kwa pamoja. Zipishane kwa dakika kumi, ili aliyeshindwa huku awahi kule. Muda ukitimia, msimamizi wa meza anapiga mstari mwekundu chini ya dau la mwisho na kuichukua karatasi. Msimamizi huyo asiwe na ndugu anayewania kitu kwenye meza hiyo hiyo.

Kwa malipo, tumieni Paybill ya shirika, yaani nambari yake ya kupokea pesa kwa M-Pesa, si simu ya mweka hazina. Paybill inadai nambari ya akaunti, na hapo mshindi anaandika nambari ya kitu alichoshinda, hivyo hesabu zinajipanga zenyewe. Till, ile nambari ya kulipia madukani, haina nafasi hiyo. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo mwenye dau la 300,000 aambiwe mapema agawanye malipo au alipe kwa njia ya benki. Kitu kisitoke mezani mpaka malipo yaonekane upande wa shirika. Ujumbe ulioko kwenye simu ya mnunuzi hautoshi, hata akiwa mzee wa kanisa.

Aliyeshinda akaondoka bila kulipa apigiwe kesho yake asubuhi. Akianza kuzungusha, kitu kinakwenda kwa aliyemfuata, kwa dau ambalo huyo wa pili aliandika mwenyewe. Sharti hilo lichapishwe nyuma ya kadi ya nambari, alione kabla hajashika kalamu.